Upasuaji wa kope na njia za machozi

Upasuaji wa kope na njia za machozi ni tawi la tiba ya macho linaloshughulikia sehemu zinazolizunguka jicho: kope, mirija ya machozi na tundu la mfupa linalobeba jicho. Jicho lisilofunikwa vizuri hukauka, na nywele za kope zinazolikwaruza huacha kovu kwenye kioo chake. Kwa hiyo mtu anaweza kupofuka hata kama ugonjwa ulianzia nje ya jicho.

Mafunzo

Nchini Tanzania daktari husoma shahada ya kwanza kwa miaka 5, kisha hufanya kazi chini ya uangalizi kwa mwaka 1. Baadaye husomea ubingwa wa macho, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Muhimbili (Dar es Salaam) au KCMC (Moshi). Ubobezi wa kope hufuata baada ya hapo. Huko Marekani chama cha fani hii, kilichoanzishwa mwaka 1969, kinadai mafunzo ya miaka 2 zaidi.

Magonjwa yanayotibiwa

* Kope iliyoanguka. Ikifunika mboni ya mtoto mdogo, jicho hilo halijifunzi kuona, na kuchelewa kutibu huleta hasara ya kudumu.
* Saratani ya ngozi ya kope. Jua kali huongeza hatari, hasa kwa watu wenye ualbino.
* Mirija iliyoziba. Kwa kawaida machozi huingia kwenye vitundu vidogo karibu na pua na kushukia puani. Ndiyo maana anayelia hutokwa na kamasi. Kwa watoto wachanga wengi mrija hufunguka wenyewe kabla ya mwaka 1, na mama hufundishwa kuukanda. Mtu mzima huweza kutobolewa njia mpya kupitia mfupa wa pua, upasuaji ulioelezwa na Mwitalia Addeo Toti mwaka 1904.

Vikope

Trakoma husababishwa na bakteria Chlamydia trachomatis. Ikirudi mara nyingi, kope hupata kovu na kupinda ndani. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, inajulikana kwa utafiti wa miaka mingi kuhusu ugonjwa huu.

Upasuaji wa kuigeuza kope hufanywa kwa sindano ya ganzi, na Shirika la Afya Duniani linakubali wauguzi waliofunzwa waufanye vijijini bila kusubiri bingwa. Majaribio yaliyosaidia kuchagua mbinu bora yalifanyika Oman, nchi iliyokuwa ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo, mwaka 2012, kuwa imeondoa trakoma kama tatizo la afya ya jamii. Hata hivyo nywele huweza kurudi kukwaruza, hivyo mgonjwa huhitaji kuangaliwa tena.

Zanzibar

Mkazi wa Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, akihitaji bingwa wa macho hupelekwa mjini, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja. Baadhi ya matatizo hayafai kungojwa nyumbani:

* Kope iliyochanika upande wa pua. Mrija wa machozi huenda umekatika, na huungwa vizuri zaidi ndani ya siku chache za mwanzo.
* Uvimbe mwekundu wenye maumivu na homa kwenye pembe ya jicho.
* Kidonda cha kope kisichopona.