Kuchora sura ya mhalifu: kazi ya profilaji na mupaka wake

Katika Kamalondo, kama katika komini zingine za Lubumbashi, nyumba ikivunjwa usiku, asubuhi kila mtu barabarani ana jina lake mdomoni. "Ule kijana, muangalie tu macho yake." Mmoja anasema ni batoto ya kartie, mwingine anasema ni wageni waliotoka mbali. Polisi nao, mara nyingi kazi inaanza na buklaji: barabara zinafungwa, vijana wanapandishwa katika gari, halafu jamaa zao wanaanza kuwatafuta kasho kwa kasho.

Wengine wanafikiri hiyo ndiyo profilaji. Hapana. Profilaji ya kweli inaanza na tendo, haianzi na uso wa mtu. Mpelelezi anaangalia namna uhalifu ulivyotendeka: saa gani, mahali gani, kwa nini mhanga huyu na si jirani yake, mlango ulifunguliwa namna gani, nini kilibebwa na nini kiliachwa. Kutoka hapo anajaribu kusema mtenda ni mtu wa aina gani. Anaijua kartie ao ni mgeni? Ana motoka ao anatembea kwa miguu? Yuko peke yake ao na wenzake? Jibu halitoi jina. Linapunguza tu idadi ya watu na mahali pa kutafuta.

Jina la kazi hii lilienea sana kutoka Marekani, ambako polisi ya FBI ilianzisha kitengo cha kuchunguza tabia za wahalifu mwaka 1972. Maafisa wake waliingia magereza na kuzungumza na watu waliofungwa kwa mauaji mengi, kusudi waelewe walivyochagua wahanga. Karibu zaidi na Katanga, ni Afrika ya Kusini. Kati ya 1994 na 1995, maiti za wanawake zilionekana Atteridgeville, Cleveland na Boksburg, sehemu zilizo mbali moja na nyingine. Mwanasaikolojia wa polisi, Micki Pistorius, alisaidia wapelelezi kuona kwamba mauaji hayo yanafanana: wanawake waliotafuta kazi, waliodanganywa na mtu mwenye maneno mazuri. Moses Sithole alikamatwa Oktoba 1995, na mwaka 1997 alihukumiwa kwa mauaji ya watu 38, kifungo cha miaka 2.410. Lakini mpelelezi yeyote atasema: mchoro wa tabia peke yake haukumleta. Jina lake lilitokea katika ahadi ya kazi aliyompa mmoja wa waliouawa. Mchoro ulisaidia kuunganisha maiti. Ushahidi ndio uliomfikisha tribinali.

Hapa inchini, mfano unaofundisha zaidi uko Kavumu, upande wa kaskazini wa Bukavu, Kivu Kusini. Hakuna aliyeuita profilaji, lakini kazi ilikuwa ileile.

Tangu mwaka 2013, watoto wasichana walianza kuibwa usiku ndani ya nyumba, wazazi wakiwa wamelala. Walibakwa, kisha wakaachwa nje, mashambani. Wengine walikuwa hawajafika umri wa kwenda shule. Kulikuwa hata wachanga. Waliletwa hospitali ya Panzi, Bukavu, mmoja nyuma ya mwingine, na madaktari ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba vidonda vinafanana na wahanga wanatoka sehemu moja. Kwa miaka karibu mitatu, kila kesi ilikuwa na dosie yake. Dosie moja ilionekana kama ubakaji mmoja, na ubakaji mmoja usio na shahidi ulikuwa rahisi kusahauliwa. Hapo ndipo wanainchi wa Kavumu walipoteza wakati mwingi, na watoto wengi zaidi waliumia.

Mambo yalibadilika dosie zilipowekwa pamoja. Eneo ni moja. Umri unakaribiana. Wote waliibwa usiku, nyumbani, na watu waliojua kabisa nani analala wapi. Huyo hawezi kuwa mlevi aliyepita njia. Ni kundi, lenye wakubwa na lenye sababu. Mwaka 2016 faili ilifika mikononi mwa sheria ya kijeshi, kwa kuwa mashambulizi yanayorudiwa juu ya raia yanaweza kuitwa uhalifu dhidi ya binadamu. Mwezi Juni mwaka huohuo alikamatwa Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, kiongozi wa kundi lililoitwa Jeshi la Yesu. Tribinali ilisikia kwamba wapiganaji waliamini damu ya watoto mabikira itawakinga na risasi.

Kesi ilisikilizwa Kavumu kwenyewe, Novemba na Desemba 2017. Watoto hawakulazimishwa kusimama mbele ya washitakiwa: maneno yao yalikuwa yamerekodiwa kwa video, na mashahidi wengine walifunikwa uso na sauti zao zikabadilishwa. Tarehe 13 Desemba, Batumike na wenzake kumi walihukumiwa kifungo cha maisha. Mahakama kuu ya kijeshi ilikubali hukumu hiyo Julai 2018. Mbunge wa jimbo! Kama wapelelezi wangetafuta "mtu mwenye sura ya mbakaji", nani angemwangalia huyo?

Hatari ya mchoro inaonekana vizuri Uingereza. Mwaka 1992 mwanamke kijana, Rachel Nickell, aliuawa London mchana, mbele ya mtoto wake. Mwanasaikolojia alichora tabia ya muuaji, polisi wakamwona Colin Stagg anafanana nayo, wakamtumia askari mwanamke aliyejifanya mpenzi ili akiri. Hakukiri. Mwaka 1994 jaji alikataa ushahidi ule na Stagg akaachiliwa, baada ya kukaa jela mwaka mzima. Muuaji wa kweli, Robert Napper, alijulikana baadaye kwa vipimo vya DNA, akakubali kosa mwaka 2008. Wakati polisi wanamfuata Stagg, Napper alikuwa ameua mama mwingine pamoja na mtoto wake.

Kwetu, kushuku mtu kwa sura kuna mizizi mirefu. Wakati wa ukoloni, Kamalondo, site ya zamani ya Waafrika, ilitengwa na mji wa wazungu kwa eneo tupu katikati, na Mwafrika aliyekutwa mjini usiku bila ruhusa alikuwa tayari na kosa. Miaka ya karibuni, operesheni Likofi ya Kinshasa, iliyoanza Novemba 2013 dhidi ya kuluna, ilionesha ubaya wake wote: Human Rights Watch iliandika kwamba vijana na watoto wasiopungua 51 waliuawa na polisi, na wengine walioshikwa hawakuonekana tena.

Katiba ya 2006 iko wazi kuliko watu wengi wanavyofikiri. Kifungu cha 17 kinasema kosa ni la mtu mwenyewe: hakuna anayeweza kukamatwa kwa tendo la mwingine, hata ndugu yake, na kila mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 kinaomba aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, katika lugha anayoielewa, aweze kuonana na jamaa yake ao mwanasheria, na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48. Baada ya hapo aachiliwe ao apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kuwa kijana, kuwa na rasta, ao kukutwa barabarani saa nne ya usiku, si sababu.

Na kwa mwenye nyumba iliyovunjwa, kazi ya OPJ inategemea sana asubuhi ile ya kwanza. Majirani wakiingia wote kuona, alama za miguu zinapotea, na kufuli iliyovunjwa inashikwa na mikono ishirini. Afazali mlango uachwe ulivyo, vitu vilivyobebwa viandikwe, na saa mbwa walipolia ikumbukwe. Kama nyumba nyingine ya kartie ilishavunjwa kwa namna ileile, hilo liambiwe OPJ pia, hata kama ni miezi mingi imepita.