Mvumi, Kilosa na Ufa Uliotangulia Mipaka Yetu

Wanafunzi wangu huuliza kwa nini somo la ukoloni ninalianzia kwenye miamba. Huwajibu kwa kuwaelekeza Kilosa, hasa kata ya Mvumi. (Si Mvumi ya Dodoma yenye hospitali kongwe, majina yetu hupenda kujirudia.) Mvumi hii ipo tambarare, na upande wake wa magharibi milima ya Ukaguru na Rubeho imesimama kama ukuta, vilele vyake vikipita mita 2,000. Ukuta huo ni kazi ya nguvu zilezile zinazoigawa Afrika.

Gamba la nje la dunia limegawanyika katika mabamba yanayosogea polepole juu ya miamba yenye joto kali. Kwetu, bamba la Somalia linaachana na bamba la Nubia kwa milimita chache kwa mwaka. Gamba likivutwa hukonda na kukatika. Kipande cha kati hudidimia na kingo hubaki juu. Penye mwanya, miamba iliyoyeyuka hupanda na kuzaa volkano kama Ol Doinyo Lengai, iliyolipuka mwaka 2007. Pande za ufa zikikwama kisha zikaachia ghafla, ardhi hutetemeka: Rukwa mwaka 1910 kwa ukubwa wa takribani 7.4, Bukoba tarehe 10 Septemba 2016 kwa 5.9.

Kilosa haikurithi volkano. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa, likishafika katikati ya Tanzania, hutawanyika na kupoteza lile umbo la wazi tunaloliona Manyara. Huku kusini limefuata mikatiko ya kale zaidi, ya zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kana kwamba nguo imechanika tena palipokuwa na mshono. Kilichobaki ni ukuta na bonde la Mkata, linaloendelea hadi Mikumi, ambako watalii hutazama tembo wakidhani uwanda huo ulikuwa tambarare tangu mwanzo.

Ukuta huo una mlango: bonde la mto Mkondoa. Misafara ya pembe na watumwa iliutumia. Burton na Speke walipanda kwa njia hiyo mwaka 1857. Stanley alivuka Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871 akakuta tope na maradhi. Wajerumani nao, walipojenga Reli ya Kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, walipita mlango uleule. Mwaka huohuo wa 1912, mjini Frankfurt, Alfred Wegener alieleza hadharani kwamba mabara husogea, na wanajiolojia wengi wakampuuza kwa miongo kadhaa. Reli ilishapita juu ya ushahidi, na waliokuwa wakibeba mataruma hawakuulizwa chochote.

Anayepita mlangoni hukutana na maji yanayopita mlango huohuo. Mvua ikinyesha Rubeho, maji huteremka kwa kasi, kisha hufika tambarare ghafla, hupoteza mwendo na kutua mashapo yake. Mto hujijaza mchanga na kutafuta njia nyingine. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu reli kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi, na maelfu ya watu wakalala kwenye mahema. Viongozi wengi waliita janga hilo la asili. Mvua ni ya asili, nakubali. Kujenga mtaa na karakana katika njia ya mto ni uamuzi wa ofisi. Waliochora reli mpya ya kisasa, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, waliamua kutoboa milima kwa mahandaki karibu na Kilosa. Mkulima wa bondeni hana handaki.

Mashapo hayohayo ndiyo yaliyoleta mashamba ya mkonge Kimamba, na ndiyo yanayokuza mpunga na mahindi leo. Kiangazi, sehemu zenye unyevu hubaki chache, na ng'ombe huzihitaji kama jembe linavyozihitaji. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wafugaji na wakulima. Maelezo ya ukabila, yaliyotawala mazungumzo wakati ule, nayaona mafupi mno. Makabila hayo yalikuwepo kabla. Kilichopungua ni ardhi yenye maji, ambayo mashamba makubwa yalishaimega na mipaka ya vijiji ikaikata vipande bila kujali inakolowana.

Kwa watumishi wa wilaya wanaosoma hapa: mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji vya Mvumi, Rudewa na Kimamba ianze na mstari wa mafuriko na mapito ya mifugo hadi mtoni, vikipimwa pamoja na wakulima na wafugaji, kabla ya kuchora mpaka wowote. Mstari huo wazee wa vijiji wanaujua, na kuutembea kwa miguu ni kazi ya siku chache.