Kipakuzi: Programu Inayovifuata Vipindi Mpaka Vilipo

Kuna aina ya programu ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina lililotulia. Mtu huiweka kwenye seva yake mwenyewe, akaipa orodha ya podikasti anazozipenda, kisha akaiacha ifanye kazi. Kila baada ya muda uliopangwa, programu hiyo hukagua kama kuna kipindi kipya. Kikiwapo, hukipakua na kukihifadhi bila kungoja amri. Podgrab ni ya aina hiyo, na Audiobookshelf, inayotunza pia vitabu vya kusikiliza, ina uwezo huohuo. Katika makala hii nitaiita kipakuzi. Ila jina hilo halieleweki vizuri kabla ya kujua kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu maneno tuliyoyazoea hapa hutupeleka upande usio wake.

Msingi wa yote ni muundo wa RSS, uliotoka katika kampuni ya Netscape mwaka 1999 kwa ajili ya kuorodhesha vichwa vya habari. Desemba 2000 Dave Winer alitoa toleo la 0.92, lililoruhusu kila habari katika orodha ibebe kiambatisho, yaani anwani ya faili la sauti. Februari 2004 mwandishi Ben Hammersley, katika gazeti la The Guardian, alilitaja jina la podikasti kwa kuunganisha iPod na neno la Kiingereza la utangazaji. Mwaka huohuo Adam Curry alisambaza programu ndogo iliyoitwa iPodder, iliyochukua mafaili hayo na kuyaingiza katika iPod bila mtu kubofya chochote. Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, lakini jina lililozaliwa nayo lingali hai.

Orodha ya RSS ni faili la maandishi tu, lililowekwa kwenye seva ya mtangazaji. Kila kipindi kimeandikiwa kichwa, tarehe, kitambulisho chake, anwani ya faili la sauti na ukubwa wa faili hilo. Kipakuzi huliomba faili la orodha, tuseme kila baada ya dakika 30. Kikirudi mara ya pili hutaja nakala kiliyonayo ni ya lini. Kama hakuna jipya, seva hujibu kwa namba 304, maana yake "haijabadilika", na mazungumzo huishia hapo kwa gharama ndogo sana ya data. Kama kuna jipya, kipakuzi hulinganisha vitambulisho na kumbukumbu zake, kikapakua kile tu ambacho hakijawahi kukichukua. Ndiyo maana kitambulisho kina uzito kuliko kichwa cha kipindi: mtangazaji anaweza kurekebisha kichwa bila madhara, lakini akivuruga vitambulisho, vipakuzi vitadhani vipindi vyote ni vipya na kuvipakua upya. Si hasara ndogo. Saa moja ya sauti kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ni takriban megabaiti 58, na mwenye kununua bando anajua maana yake.

Katika mzunguko huo wote mtangazaji hamtumii msikilizaji kitu. Anaweka orodha mahali pake, basi. Anayekwenda ni kipakuzi. Hapo ndipo pa kuyapimia maneno yetu.

Orodha ya RSS huitwa mlisho, na wengine husema mpasho. Mpasho unatokana na kupasha habari, lakini kwa wapenzi wa taarabu mipasho ni maneno ya kumchoma mtu, na maana hiyo haiondoki kwa urahisi. Mlisho nao una kasoro: unamfanya msikilizaji aonekane kama mtoto anayetiwa tonge mdomoni. Hata hivyo neno hili limeshaenea, nami naona linaokolewa na ndugu yake, malisho. Ng'ombe huenda malishoni. Malisho hayaji zizini. Tukiusikia mlisho kwa sikio hilo, unaeleza kwa usahihi jambo linalotendeka.

Kitenzi cha kuongeza mlisho kwenye orodha yako ndicho chenye madhara zaidi kikikosewa. Mara nyingi tunasoma jisajili au jiunge. Maneno hayo yanamkumbusha mtu huduma za ujumbe mfupi zinazokata salio mpaka atume neno la kujitoa. Katika RSS hakuna kujisajili: mtangazaji hapewi jina wala namba ya simu, na ukitaka kuacha unafuta mstari mmoja kwenye seva yako. Kufuatilia kunatosha, tena kunaonyesha nani anayemwendea mwenzake.

Tuje kwenye jina la programu. Kwa Kiingereza jina lake lina picha ya kudaka, na mtu angeweza kuunda kidakaji. Lakini mdakaji husimama golini akingoja mpira urushwe. Kupakua ni kuchukua hatua: kutoa chakula chunguni, kushusha shehena chomboni. Kitenzi hiki kimeshapokelewa katika kompyuta, na sarufi inatupa njia ya kukigeuza kuwa chombo. Gundua limetoa mgunduzi, chagua limetoa uchaguzi. Pakua litatoa kipakuzi bila kulazimishwa, na kitakaa sawa kando ya kivinjari na kichapishi.

Sifa ya mwisho ni kwamba programu hii inakaa kwako. Kuweka tovuti kwenye seva za kampuni huitwa upangishaji, na ukisema programu ya kujipangisha utaleta picha ya mpangaji na kodi, wakati hapa mwenye nyumba ndiye mkazi. Afadhali kusema kipakuzi cha seva binafsi. Sifa hiyo si pambo. Google ilifunga Google Reader Julai 2013, na mwaka 2024 ikafunga Google Podcasts. Watumiaji wakalazimika kuhamisha orodha zao kabla ya muda kwisha. Mwenye seva binafsi anabaki na orodha yake, na anabaki pia na vipindi vya zamani ambavyo watangazaji wengi huviondoa kwenye milisho. Bei yake ni kwamba diski ikijaa au ikifa, hakuna wa kumpigia simu.

Istilahi zikikaa pamoja, mtu ataweza kusema: "Kipakuzi changu kinafuatilia milisho 20 na kupakua vipindi vipya usiku." Anayeisikia sentensi hiyo kwa mara ya kwanza hatauliza amejiunga wapi, wala anakatwa shilingi ngapi.