Nguo ya Mgeuzo

Orodha ya istilahi za mazingira niliyopelekewa hivi karibuni ina sehemu ya mitindo na mavazi, na humo nimekuta "urejelezaji pandishi". Maana yake, kwa mujibu wa orodha, ni kuchukua kitambaa kilichokwisha kutumika, au mabaki ya kitambaa, na kukitengenezea kitu chenye thamani kuliko kile cha mwanzo. Maelezo hayo yameandikwa vizuri. Istilahi yenyewe ni mbovu. Nitaueleza ubovu wake kwa kirefu, kwa sababu walioitunga wamelipita neno ambalo mafundi cherehani wetu wanalo mdomoni tangu kabla ya kamati za istilahi kuundwa. Neno hilo ni kugeuza, na istilahi ninayoitetea ni mgeuzo.

Tuanze na urejelezaji. Mzizi wake ni rejea, kutoka Kiarabu raja'a, yaani kurudi. Kiswahili kimelipokea na kulivisha viambishi vyake: rejesha, rejelea, rejeleza. Neno limezoeleka kwa ile shughuli ya viwandani ya kurudisha taka kuwa malighafi, na hapo silipingi. Chupa huyeyushwa ikarudi kuwa kioo kibichi, karatasi hulowekwa ikarudi kuwa rojo. Nguo nazo huingizwa kwenye mashine zikachanwachanwa hadi zikarudi kuwa nyuzinyuzi za kusokotwa upya. Anayeijua kazi hiyo anajua na gharama yake. Pamba ikichanwa, nyuzinyuzi zake hukatika zikawa fupi, na uzi unaosokotwa kwazo huwa dhaifu. Ndiyo maana kiwanda hulazimika kuzichanganya na pamba mpya au poliesta. Zile zisizofaa kusokotwa huishia kushindiliwa kwenye magodoro na viti vya magari. Huko ndiko kurejea. Kitu kimerudi nyuma, karibu kabisa na shamba kilikotoka.

Fundi anayechukua suruali mbili za jinzi akatoa mkoba hajarudisha chochote. Nyuzi zimebaki zilivyofumwa. Tena kile anachokitafuta ndicho kile ambacho mashine ingekivunja: kitambaa kilichokwisha kufumwa, kikafuliwa miaka mingi mpaka kikalainika, kikapauka magotini na mapajani kwa namna ambayo viwanda vya jinzi huiiga kwa dawa na mawe. Kuiita kazi hiyo urejelezaji ni kosa la maana, na "pandishi" iliyobandikwa nyuma haiwezi kulitibu.

Nayo pandishi yenyewe, inapandisha nini? Najua kiolezo kilikotoka. Tumepewa jumuishi, tumepewa shirikishi, tumepewa wezeshi, na sasa kila dhana ngeni ikifika mezani hutafutiwa mkia wa aina hiyo. Lakini kupandisha ni kitenzi chenye wenyewe. Mfugaji anapandisha ng'ombe wake kwa dume. Mgonjwa wa pepo anapandisha. Mfanyabiashara anapandisha bei. Mama mwenye kibanda cha mikoba akiambiwa anafanya urejelezaji pandishi atauliza ni kitu gani hicho, na aliyemwambia itabidi amweleze kwa kutumia neno kugeuza.

Kuna jambo zito zaidi. Neno la kigeni ambalo kamati ilikuwa ikilitafsiri lilizaliwa kwa kuupinga urejelezaji. Mwaka 1994 mhandisi wa Kijerumani, Reiner Pilz, alizungumza na Salvo, jarida la Uingereza linaloshughulika na vifaa vya majengo ya zamani. Alilalamika kwamba kile kilichokuwa kikiitwa urejelezaji kilikuwa kuteremsha thamani tu: matofali mazima yanavunjwavunjwa yakawa kifusi. Akataka kinyume chake, kitu kikuukuu kipewe thamani zaidi na siyo kupunguziwa. Miaka 8 baadaye William McDonough na Michael Braungart walitoa kitabu chao Cradle to Cradle, na wazo hilo likasambaa kwa wabunifu wa kila fani, wa mavazi wakiwamo. Sasa dhana iliyotungwa ili ijitenge na urejelezaji, sisi tumeifanya kuwa tawi la urejelezaji. Hilo halisameheki kwa watu ambao kazi yao ni kusoma historia ya dhana kabla ya kuipa jina.

Sasa twende kwenye cherehani. Shati la ofisini huanza kuchakaa kwenye kola, pale mkunjo unaposuguana na shingo. Sehemu nyingine zote zinaweza kuwa nzima, kola ikawa imetoka nyuzi. Fundi wa zamani hakulitupa shati hilo. Alichukua ncha ya wembe akafumua mshono unaoishika kola na ukanda wake wa shingoni, tundu baada ya tundu, polepole ili asichane kitambaa. Aliitoa kola nzima, akaipindua upande uliokuwa umefichwa chini ukaja juu, akairudisha katikati ya ukanda na kuipitisha cherehani juu ya matundu yaleyale. Upande uliochakaa ukalala chini usionekane, na shati likarudi kazini. Kazi hiyo inaitwa kugeuza kola. Kutoka hapo kitenzi kimetembea: gauni linageuzwa sketi, shati la baba linageuzwa gauni la mtoto, pazia linageuzwa foronya. Mteja akifika na kitenge cha zamani husema tu, "Fundi, nigeuzie hiki," na fundi huuliza kiwe nini. Mazungumzo hayo mawili yanabeba dhana nzima: kipo kitu, kinabaki kitambaa kilekile, kinakuwa kingine.

Mzizi ni geu. Geua ni umbo la kale ambalo leo halisikiki sana. Tumebaki na geuka na geuza, na kwenye nomino tuna mgeuko, ugeuzi, mageuzi na kigeugeu. Mgeuzo unajengwa kwa kiambishi m- mbele na irabu -o nyuma, na hapa naomba msomaji avute subira, kwa sababu ushahidi wangu mkubwa uko hapa. Angalieni maneno ya chumba cha ushonaji. Kushona, mshono. Kukata, mkato. Kukunja, mkunjo. Kupinda, mpindo. Kufuma, mfumo. Hata mtindo, wanaolihusisha na kutinda kwa maana ya kukata wana hoja, maana kutinda nyusi bado tunako saluni. Kazi ya nguo katika Kiswahili imejipangia nomino zake kwa umbo moja, nasi tumepewa kitenzi cha kazi hiyohiyo tukakitafutia umbo la ofisini.

Umbo hilo lina faida ambayo umbo la u- na -ji halina. Urejelezaji ni tendo tu, halishikiki. Hakuna anayeweza kuuvaa urejelezaji wala kuutundika dukani. Mshono, kinyume chake, ni tendo la kushona, ni mstari wa uzi unaouona, na siku hizi ni sura nzima ya vazi; ndiyo maana wasichana hutafuta picha za mishono ya vitenge kabla ya kwenda kwa fundi. Mgeuzo utafuata njia hiyohiyo bila kusukumwa. Migeuzo ya vitenge itakaa karibu na mishono ya vitenge, na kila mtu ataelewa tofauti.

Niliipeleka hoja hii mahali inapostahili kupelekwa, kwa maandishi, pamoja na mifano. Jibu nililopewa ni kwamba mgeuzo ni neno la mtaani lisilo na sura ya kitaalamu. Jibu hilo liliniumiza na bado linaniuma. Mfumo, neno ambalo hakuna ripoti ya kamati inayoweza kuandikwa bila ya kulitumia, limetoka kwenye kufuma. Wasomi waliolichukua hawakuona haya kwamba limetoka mikononi mwa mafundi. Kama mfumo lilifaa kubeba mfumo wa jua na mfumo wa elimu, mgeuzo halishindwi kubeba mkoba wa jinzi.

Wapo waliopinga kwa hoja, na hao wanastahili kujibiwa. Wamesema mzizi geu umechafuka: kigeugeu ni mtu asiyeaminika, na mageuzi yamebaki na harufu ya siasa za vyama vingi tangu mwaka 1992. Nawaomba watazame kizunguzungu na mzunguko. Vyote vimetoka kwenye kuzunguka, kimoja ni maradhi, kingine ni mzunguko wa fedha, na hakuna aliyewahi kulikataa la pili kwa sababu ya la kwanza. Lawama ya kigeugeu imo kwenye kurudiwa kwa mzizi; ukiurudia, unasema kitu hakitulii. Mgeuzo haurudii kitu. Nguo imegeuzwa mara moja ikawa imekwisha. Mageuzi nayo yana ngeli yake ya ma-, na migeuzo ina yake.

Mwandishi mwingine, ambaye ameandika zaidi ya mara moja juu ya jambo hili kwa kujiamini kusikolingana na ushahidi wake, anapendekeza "sanaa ya viraka". Kiraka, ambalo wenye kamusi hulihusisha na Kiarabu ruq'a, kina kazi maalumu: kinaziba tundu. Shati lililotiwa kiraka linabaki shati, lenye kiraka. Na migeuzo mingi mizuri haina kiraka hata kimoja. Yule anayefumua sweta la mtumba, akausokota uzi wake mabonge, akafuma kofia na soksi za watoto wachanga, kiraka chake kiko wapi?

Wa tatu anataka "ufufuaji wa nguo". Huyu ananikumbusha jina ambalo wazee waliipa mitumba, kafa Ulaya, kwa kudhani kila koti lililoshushwa bandarini mwenyewe amefariki. Nguo nyingi zinazofunguliwa katika masoko ya Gikomba au Karume hazijafa, wala aliyezivaa hajafa, amezichoka. Kufufua kunataka maiti. Mtumba wenyewe una historia inayostahili kujulikana: ulikuwa ni mzigo wa mpagazi, robota la nguo lililofungwa kwa safari ya bara, ndani yake merikani zilizofumwa Massachusetts na kaniki za Bara Hindi. Jina la kifurushi likahamia kwenye kilichofungwa ndani, na leo tunavaa mtumba bila kubeba chochote. Lugha yetu imezoea kuhamisha maneno ya nguo namna hiyo, na imefanya hivyo bila msaada wa orodha.

Mfano mkubwa kuliko yote uko mabegani mwa mama zetu. Leso, kutoka Kireno lenço, ilikuwa kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa mwambao, Mombasa na Unguja, wakinunua leso zilizochapwa mfululizo bila kukatwa, wakikata vipande viwili vya leso tatutatu na kuviunga kwa urefu, leso sita zikawa nguo moja ya kujifunga. Wafanyabiashara wakaiona, wakaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa hivyo kwa ukubwa kamili, na ndipo kanga ilipoanzia. Mombasa hadi leo wanaiita leso. Kitambaa cha kufutia jasho kikapanda hadi kuwa vazi la harusi, pasipo kurejea popote. Huo ni mgeuzo uliotimia, na wanawake waliouanzisha hawakumsubiri Pilz.

Kanga hiyohiyo inafaa kuonyesha mpaka wa istilahi yangu. Ikichakaa inakuwa mbeleko, kisha winda la mtoto, kisha dekio. Huko ni kutumia tena, kila hatua chini ya iliyotangulia, na sitaki mgeuzo upelekwe huko. Lakini kanga mbili chakavu zikikatwa sehemu zilizo nzima, zikaungwa kwa kulinganisha pindo na mji wake, zikawa blanketi jepesi la kitanda ambalo mtu atalilipia, huo ni mgeuzo.

Matumizi hayana ugumu: nguo ya mgeuzo, fundi wa mgeuzo, duka la migeuzo, kitenzi ni geuza, geuzia, geuzwa. Urejelezaji ubaki viwandani.

Orodha itakapochapwa tena, naomba "urejelezaji pandishi" ifutwe, na mahali pake pawekwe hivi:

mgeuzo nm mi- [u-/i-] 1. kitu, hasa vazi au pambo, kilichotengenezwa kwa kitambaa kilichokwisha kutumika au kwa mabaki ya kitambaa, bila kukichana kuwa nyuzinyuzi, kikapata thamani kuliko cha awali: *Mkoba huu ni ~ wa suruali ya jinzi.* 2. kazi ya kutengeneza kitu hicho: *Amejifunza ~ kwa fundi aliyekuwa akigeuza kola.*