Mikoko Iliyomzuia Livingstone

Ukipanga kwenda visiwa vya Ghuba ya Mnazi, kusini-mashariki mwa Mtwara mjini, swali la kwanza utakaloulizwa na wenzako ni kivuko kinaondoka saa ngapi. Kivuko kipo, ila hakiendi huko. MV Mafanikio huvusha watu kati ya Msemo na Msangamkuu, ng'ambo tu ya mji. Kwa visiwa vyenyewe unapita Madimba hadi Msimbati, kisha unamtafuta mvuvi mwenye mashua. Saa ya kuondoka hataipanga yeye wala wewe. Maji yakipwa, umekwama.

Nasoma historia, kwa hiyo katika kundi letu la wanafunzi wanne nilijipa kazi ya kumtafuta msafiri aliyepanga safari hiyo kabla yetu. Nikamwangukia David Livingstone.

Machi 1861 aliingia mdomo wa Ruvuma na meli yake, Pioneer, akageuza baada ya maili 30 hivi kwa kuwa maji yalikuwa yanapungua. Septemba 1862 akarudi kwa mashua ndogo, akapanda mto hadi maili zipatazo 156, miamba ikamkatalia. Mara ya tatu, Machi 1866, alikuja amejiandaa kama mtu anayehama. Alitoka Unguja na manowari ya Kiingereza, Penguin, akiwa na askari 13 kutoka India, watu 10 wa Nzwani, vijana 9 Waafrika waliosomeshwa Nasik, wawili wa Shupanga, na Wayao wawili, Wekatani na Chuma. Wanyama walikuja kwa jahazi: ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama, nyumbu 2 wa kubebea mizigo, punda 4. Alitaka kujua kama mbung'o wangewaua ngamia na nyati hao. Mpango ulikuwa na kila kitu isipokuwa mahali pa kumteremshia ngamia.

Alikuta mikoko. Ufuo wa tope na mizizi hauna pa kumshusha ngamia, na baada ya kuhangaika akashauriwa aende ghuba ya Mikindani, upande wa kaskazini. Huko ndiko wanyama walikoshushwa, wamechubuka kwa kugongwagongwa jahazini, na huko ndiko safari yake ya mwisho ilikoanzia. (Chuma, aliyeshuka hapo akiwa kijana tu, ndiye miaka minane baadaye, pamoja na Susi, waliyefikisha maiti yake Bagamoyo.)

Leo mikoko hiyohiyo ndiyo tunayoifuata. Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, takribani kilomita za mraba 650, na vijiji vikabaki ndani ya mipaka. Kwetu hayo ni mandhari. Kwa mwenyeji wa Msimbati, mikoko ni boriti za nyumba na malezi ya kamba na samaki wadogo, na mwamba maji yakipwa ni shamba la pweza la akina mama. Mgeni analipa kiingilio, anapiga picha, anaondoka. Mwenyeji ndiye anayeambiwa nyavu zipi ni marufuku na wapi asikate mti. Siipingi hifadhi, baruti imeua matumbawe ya kutosha katika pwani hii. Ila nikisoma bajeti yetu naona kiingilio kimeandikwa juu kabisa, na nahodha amewekwa mwisho, chini ya maji ya kunywa, "tutapatana hukohuko".

Nimeomba tumpandishe juu, na malipo yake yajulikane kabla hatujatoka mjini. Ubishi uliobaki ni wa tarehe. Mmoja wetu anataka wikiendi ndefu, kwa sababu ya likizo, lakini wikiendi hiyo inaangukia maji mafu: mashua haitaingia vizuri kwenye vijito vya mikoko, na mwamba hautaanikwa vya kutosha kutembea juu yake. Bamvua inakuja wiki moja hivi baadaye, mwezi ukiwa mpevu. Nahodha tuliyempigia simu alisikiliza hoja zote mbili, akauliza tu, "Sasa nyie mnakuja kuangalia nini?"