Yai hili ni la nani? Ugomvi wa mali uliomkimbiza mkuu wa Wafransisko

Oktoba 3 mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 800 tangu Fransisko wa Asizi afariki dunia. Nchini Italia bunge limeirudisha Oktoba 4, siku ya kumbukumbu yake, kuwa sikukuu ya taifa ya mapumziko. Tutasikia mengi kuhusu ndege aliowahubiria na mbwamwitu aliyemtuliza. Ugomvi uliozuka ndani ya shirika lake chini ya miaka 100 baada ya kifo chake hautatajwa sana, maana hauna picha nzuri ya kuweka kwenye kalenda. Ulihusu mfuko wa fedha wa Yesu na mitume wake, ukafika hadi kwenye yai na kipande cha jibini, na kabla haujaisha watu walikuwa wamechomwa moto.

Maisha ya Fransisko yanafahamika. Alikuwa mtoto wa tajiri wa vitambaa, Pietro di Bernardone. Mwaka 1206 alivua nguo zote mbele ya askofu wa Asizi na kumrudishia baba yake. Baadaye alisikia kanisani sehemu ya Mathayo sura ya 10, Yesu anapowatuma wanafunzi wake bila dhahabu, bila fedha, bila mkoba wa safari, akaichukua ilivyo. Mwaka 1223 Papa Honori III alithibitisha Kanuni yake: ndugu wasimiliki nyumba wala mahali wala kitu chochote, na wasipokee sarafu, hata kwa kupitia mkono wa mtu mwingine. Alifariki mwaka 1226. Miaka miwili baadaye alitangazwa mtakatifu, na hapo hapo Asizi ukaanza ujenzi wa basilika kubwa ya kumheshimu.

Sasa basilika hiyo ni ya nani?

Mwanahistoria Malcolm Lambert, ambaye kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu ufukara wa Wafransisko ndicho nilichokiegemea zaidi hapa, anasisitiza kwamba Fransisko alifikiri kwa picha, si kwa vifungu vya sheria. Alimwona Kristo horini na msalabani, uchi pande zote mbili, akataka kumfuata vivyo hivyo. Walioachiwa kazi ya kuigeuza picha hiyo kuwa sheria ni wanasheria wa Kanisa, na ndipo mambo yalipoanza kupinda.

Mwaka 1230 Papa Gregori IX alisema wosia wa Fransisko hauwafungi ndugu kisheria, na kwamba wao hawamiliki, wanatumia tu. Mwaka 1245 Inosenti IV akaongeza kuwa vitu vyao vyote ni mali ya Kanisa la Roma, isipokuwa pale mtoaji alipojibakizia haki yake. Mwaka 1279 Nikolao III akafunga kazi kwa waraka uitwao Exiit qui seminat: ufukara huu Kristo mwenyewe aliufundisha na kuuishi, na atakayeujadili atatengwa na Kanisa.

Basi ndugu wakawa na nyumba mijini, maghala ya nafaka na vyumba vya kuhifadhia divai, na kwenye karatasi hawakuwa na hata sufuria. Mwenzao mmoja kusini mwa Ufaransa, Petro Yohane Olivi, aliyefariki mwaka 1298, aliliona tatizo. Alifundisha kuwa kutomiliki peke yake hakutoshi: aliyeweka nadhiri ya ufukara lazima pia atumie kidogo, ale kidogo, avae kidogo. Kwangu mimi huyu ndiye aliyegusa penyewe. Wafuasi wake walivaa majoho mafupi yenye viraka na kuwasumbua sana wakuu wao, ambao walipenda ufukara wa maandishi.

Mwaka 1316 alichaguliwa Papa Yohane XXII, mzee wa zaidi ya miaka 70 kutoka Cahors, mtu wa sheria aliyekuwa na kichwa chepesi na hasira nyepesi zaidi. Makao yake yalikuwa Avignon. Mwaka uliofuata aliwaamuru wenye majoho mafupi wawatii wakubwa wao kuhusu mavazi, maghala na divai. Wanne waliokataa walichomwa moto Marseille Mei 1318. Wakuu wa shirika hawakuwatetea. Hawakujua kwamba zamu yao inakuja.

Ilikuja mwaka 1321 kutoka mji wa Narbonne. Mdominiko mmoja aliyekuwa mchunguzi wa uzushi, Jean de Beaune, alimkamata mtu aliyedai kuwa Kristo na mitume hawakumiliki kitu, mmoja mmoja wala kwa pamoja. Mchunguzi akasema huo ni uzushi. Mwalimu wa Wafransisko mjini humo, Berengar Talon, akasimama na kujibu kwamba hayo ni mafundisho halali, Papa Nikolao III aliyaweka wazi. Kesi ikapelekwa Avignon, na Papa Yohane, badala ya kuizima, akaondoa marufuku ya mjadala mwezi Machi 1322 na kuwaita wasomi waseme.

Wapinzani wa Wafransisko walishika Injili ya Yohane. Sura ya 12 na ya 13 zinataja wazi kuwa Yuda ndiye aliyeshika mfuko wa fedha. Mwenye mfuko ana mali, walisema, na mitume walinunua chakula. Wafransisko nao walikuwa na jibu lililotolewa zamani na mwenzao Bonaventura: Kristo alikubali mfuko ili kuwainamia walio dhaifu, lakini kielelezo cha wakamilifu ni ule mkono mtupu wa Mathayo 10. Mkutano mkuu wa shirika uliokaa Perugia mwaka huo huo, chini ya mkuu wao Michele wa Cesena, ukatangaza msimamo huo kwa Wakristo wote bila kumsubiri Papa.

Papa alijibu Desemba 8, 1322, na jibu lake ni miongoni mwa maandiko makali kuhusu ulaji niliyowahi kuyasoma. Alikataa kuendelea kuwa mmiliki wa vitu vya Wafransisko. Hoja yake ilikuwa ya kisheria na ya jikoni kwa pamoja. Nyumba unaweza kuitumia na mwingine akaimiliki. Lakini yai, jibini au kipande cha mkate unakitumia kwa kukimaliza. Ukishakula, mwenye mali amebaki na nini? Nani ataamini kwamba Kanisa la Roma ndilo lenye yai ambalo ndugu amelimeza asubuhi? Akaenda mbali zaidi: ukamilifu wa Mkristo uko katika upendo, na faida ya kuacha mali ni kuacha kuhangaikia mali. Wafransisko, alisema, wanahangaika kama wengine wote. Umiliki wa Roma haujawapunguzia hata shaka moja, umewapa jina tu.

Mwanasheria wa shirika, Bonagratia wa Bergamo, alipeleka rufaa Januari 1323. Alisema farasi hula shayiri bila kuimiliki. Kula ni tendo, kumiliki ni haki, na mtu anaweza kuwa na tendo bila haki. Papa alimtia ndani. Novemba 12, 1323 akatamka kuwa ni uzushi kushikilia kwamba Kristo na mitume hawakuwa na kitu chochote.

Michele aliitwa Avignon na kufika Desemba 1327. Huko alimkuta Mwingereza William wa Ockham, aliyekuwa akihojiwa kwa mafundisho yake mengine, akamwomba azisome nyaraka za Papa kuhusu ufukara. Ockham alizisoma na kuamua kwamba mzushi ni Papa mwenyewe. Usiku wa Mei 26, 1328, Michele, Bonagratia, Ockham na Francesco wa Marchia walitoroka Avignon, wakafika bandari ya Aigues-Mortes na kupanda chombo kuelekea Italia. Huko walijiunga na Ludwig wa Bavaria, mfalme aliyekuwa na ugomvi wake na Papa, wakaishia München. Kutoka huko walipigana kwa kalamu. Papa aliandika kuwa Adamu alikuwa na mali hata kabla Hawa hajaumbwa. Ockham akamjibu kwa kitabu kinene kiitwacho Kazi ya Siku 90, akitenganisha haki ya kutumia na ruhusa ya kutumia. Mwanahistoria Brian Tierney anauona ugomvi huu kuwa miongoni mwa chemchemi za fikra ya haki za asili za binadamu. Michele alifariki mwaka 1342, Ockham mwaka 1347, wote wakiwa wametengwa na Papa.

Yohane XXII alikuwa ameshafariki Desemba 1334. Giovanni Villani wa Firenze aliandika kuwa aliacha florini za dhahabu milioni 18. Wanahistoria wanasema Villani alitia chumvi nyingi, ingawa hakuna anayedai kuwa hazina ilikuwa tupu.

Shirika lilitulia, likagawanyika, likarekebishwa. Katika karne ya 16 walitokea Wakapuchini, waliotaka kurudi kwenye joho la viraka, na tawi lao la Uswisi ndilo lililofika Dar es Salaam mwaka 1921, baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa. Mkapuchini Edgar Maranta aliliongoza Kanisa la Dar es Salaam kuanzia 1930 hadi 1968, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko kule Ifakara ni tunda la wamisionari hao. Mwaka 2013 Jorge Bergoglio akawa Papa wa kwanza kuchukua jina la Fransisko, na mwaka 2015 akatoa waraka wa Laudato si' uliokemea matumizi yasiyo na kiasi.

Lakini lile swali la yai halijaondoka. Makanisa yetu huandikisha viwanja, shule na magari kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Ni utaratibu mzuri: askofu akifariki, wapwa zake hawagawani kathedrali. Hata hivyo kiongozi anaweza kufa bila kiwanja chenye jina lake, baada ya kuishi kama waziri miaka 30, na mazishini tukaambiwa hakuwa na tamaa ya mali. Wapo pia wahubiri wasiojisumbua hata na karatasi; wanatangaza gari jipya madhabahuni kama ushuhuda. Nchini Kenya, Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango ambao Rais William Ruto aliutoa siku moja kabla katika parokia ya Soweto, zikiwemo shilingi milioni 2 za nyumba ya mapadri. Uamuzi ule uliuliza fedha inatoka wapi. Inakokwenda bado tunaona haya kuuliza.

Uwakili tunaohubiriwa kila msimu wa mavuno humtaka muumini ahesabu alichotoa. Olivi angetaka mtumiaji naye ahesabu alichokula. Wazee wa kanisa na halmashauri za walei wanaoandaa sherehe za Oktoba wana nafasi ya kulifanya hilo kwa Jumapili moja tu: someni hadharani matumizi ya mwaka mzima, mafuta ya gari, ukarabati wa nyumba, posho na mialiko, na mtaje nani alitumia.