Vibao vya Endara na Misitu ya Luofu

Mgeni anayefika Luofu, huku Lubero mashariki mwa Kongo, leo huona mikaratusi kila upande, akadhani ndiyo miti ya huku tangu zamani. Sivyo. Mkaratusi asili yake ni Australia. Uliletwa katika vilima vya Lubero wakati wa utawala wa Wabelgiji ili watu wapate kuni na mbao, kisha tukaupenda wenyewe kwa sababu hukua upesi na ukikatwa huchipua tena. Anayetaka kujua nchi hii ilikuwaje kabla ya hapo, na atafute endara.

Endara ni marimba yetu sisi Wanande, na ya ndugu zetu Bakonzo wa upande wa Uganda, kwenye miteremko ya Rwenzori. Haina sanduku wala vibuyu. Magogo mawili mabichi ya mgomba hulazwa chini sambamba, vibao vikapangwa juu yake kuanzia kirefu hadi kifupi, na vijiti vikachomekwa kwenye mgomba ili kibao kisigusane na mwenzake. Wapigaji hukaa pande zote mbili, wakitazamana. Ngoma ikiisha, migomba hutupwa na vibao hufungwa mzigo mmoja, vikarudi juu ya moshi wa jiko.

Mimi nilifundishwa na mjomba wangu. Alikuwa akienda ukingoni mwa msitu na panga, anagonga shina kwa ubapa, anaweka sikio. Mti mmoja anauacha, mwingine anaurudia. Nikitaka kuwahi kukata aliniambia: “Mwipwa, sikiliza kwanza.” Nyumbani vibao vilikaushwa muda mrefu, kisha kazi ya kurekebisha sauti ikaanza. Ukitaka sauti ishuke, unachonga tumbo la kibao, pale katikati, kidogo kidogo. Ukitaka ipande, unapunguza ncha. Ukizidisha, kibao kimekufa, kitakuwa kuni. Mti aliotafuta ni mwepesi, wenye nyuzi zilizonyooka, na huota wenyewe porini. Mkaratusi nimeujaribu: hupasuka ukikauka, na usipopasuka sauti yake haifiki mbali.

Ndiyo maana nasema historia ya endara haitengani na historia ya msitu. Wazee wetu walivuka mto Semliki kutoka upande wa Uganda wakapanda milima hii, wakaitwa abakondi, wakataji wa msitu. Aliyeufyeka msitu wa kwanza ndiye aliyekuwa na neno juu ya ardhi. Mwanahistoria Randall Packard, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu Bashu, tawi mojawapo la Wanande, ameeleza jinsi watu hao walivyoigawa dunia yao: huku boma na migomba, kule pori na nguvu zake, na mtemi akiwa kati, mwenye kazi ya kuzipatanisha pande hizo mbili. Endara imekaa hapohapo kati. Magogo yake yametoka shambani nyuma ya nyumba, vibao vyake vimetoka porini, na sauti haitoki mpaka vikutane.

Lakini wakataji hao hawakukata kila kitu, na jambo hili watoto wetu hawafundishwi. Mtu wa kawaida alizikwa kwenye migomba, na shamba likaendelea. Mtemi alikuwa na amahero: mahali pa kaburi lake palizungushiwa miti iliyo hai, mitoma kwa mfano, ambayo ukichomeka nguzo yake ardhini hushika mizizi na kutoa majani. Kaburi likawa kichaka, kichaka kikawa msitu mdogo juu ya kilima, na hakuna aliyethubutu kuingiza panga. Francesco Remotti, mwanaanthropolojia wa Italia aliyeanza kazi kwetu miaka ya 1970, ameandika mengi kuhusu amahero. Kwangu mimi hizo ndizo hifadhi za kwanza za nchi hii, zilizotangulia kwa mbali Hifadhi ya Albert ya mwaka 1925, ambayo leo ni Virunga. Hifadhi ile ilichorwa na watu wa mbali, na wenyeji wakatolewa. Amahero yalilindwa na wenyeji wenyewe.

Muziki wetu nao umehifadhiwa, lakini mbali na kwetu. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita kandokando ya msitu wa Ituri mwaka 1952 na mashine yake ya kurekodi, akanasa muziki wa Wanande pamoja na wa Wabudu, Wambuti na Wabira. Kanda hizo baadaye zilitolewa katika diski huko Uholanzi. Nashukuru kwamba zipo, ila naona uchungu kwamba kijana wa Uholanzi huzipata kwa urahisi kuliko kijana wa Luofu.

Kisha Aprili 2009 waasi wa Kinyarwanda wa FDLR waliichoma Luofu. Nyumba zaidi ya 200 ziliteketea, na watoto wakafa ndani ya moto. Kwa wafu hao sina la kuongeza. Kwa habari ya endara nitasema hili tu: vibao vilivyokaa juu ya jiko viliungua pamoja na jiko. Watu walikimbilia Kayna, Kanyabayonga na Butembo, na fundi aliyefika huko akiwa hai alifika mikono mitupu, katika mji ambao hata angepata panga, msitu wa kuingia haupo karibu.

Leo ninafundisha watoto. Kabla hawajagusa kibao, kila mmoja huniletea jani la mti aliouona porini, analichora kwa kalamu ya risasi, mishipa yote, kisha anamwuliza bibi au babu yake jina la mti kwa Kinande na kazi yake. Kuna majina ambayo hata mimi nilikuwa siyajui.

Ninyi mlio Luofu, Kirumba, Lubero na Butembo: pale palipobaki amahero, msiikate miti yake kwa ajili ya makaa. Kila anayepanda mikaratusi ekari nzima aache pembe moja ya miti ya kienyeji, hata iwe ndogo. Na kama kwenu yupo mzee anayejua kuchagua mti wa endara, mfuateni porini mwezi huu, na simu zenu mkononi, mrekodi anavyougonga na anavyouita.